Nyonga Yangu na Mahari ya Joëlla

Jumatatu, 6 Mei 2002
Daktari Candide ameweka picha ya nyonga yangu kwenye mwanga. Mfupa unasaga mfupa. Dawa zimefika mwisho, amesema. Kiungo kitolewe, kiwekwe cha chuma. Nikauliza lini. Kuna mpasuaji Mbelgiji atakayekuwa hapa Bujumbura tarehe 13 hadi 24. Atapasua watu sita tu, na kwa vita hivi hakuna ajuaye kama atarudi. Nikikosa nafasi, mwakani nitakuwa mtu wa kusukumwa kwenye kiti.

Nimeelewa vizuri sana. Lakini Jumamosi tarehe 18 wanaleta mahari ya Joëlla, binti wa marehemu kaka yangu, na msemaji wa familia ni mimi. Nikilazwa, atakayesimama kusema ni Gaspard!

Jumanne, 7 Mei
Gaspard ni binamu yangu, mwalimu mstaafu, jirani yangu hapa Mutanga Nord. Mara ya mwisho aliposimama kuwa msemaji alitoa methali kumi na nne, ng'ombe wenyewe akasahau kuwataja. Naye ana nyonga mbovu, ya kushoto kama yangu. Ameniiga.

Mpango: kuumwa kwa kadiri. Niumwe vya kutosha kuingia katika sita, nisiumwe kiasi cha kuwa wa kwanza. Nikipangiwa tarehe 20, mambo safi. Nimefanya mazoezi uani ya kuchechemea kwa kadiri. Epiphanie, mke wangu, akanitazama akiwa na ufagio mkononi. "Papa Arnaud, tembea vile unatembeaka kila siku, inatosha." Hajui siasa, maskini.

Ijumaa, 10 Mei
Siku ya kupimwa. Daktari Candide alikuwa anaandika orodha. Kati ya kitanda na benchi la wanaosubiri kuna pazia tu, na kwenye benchi ameketi nani? Gaspard, masikio wazi.

Daktari akauliza maumivu yakoje. Sasa, mtu aliyelelewa akiulizwa habari hujibu nzuri. Sisi hata msibani tunaanza na nzuri, ndipo tunataja marehemu. Tena mbele ya binamu! Nikajibu ni kidogo tu. Usingizi? Napata. Ngazi? Napanda. Akaandika.

Kisha akaingia Gaspard. Alipoguswa tu mguu alipiga ukelele hadi mlinzi akaja mbio kutoka langoni. Mwalimu mzima! Nilimwonea aibu kwa niaba ya ukoo.

Jumapili, 12 Mei
Orodha imetoka. Gaspard ni wa kwanza, kesho asubuhi! Nilicheka hadi nyonga ikanikamata. Halafu nikatafuta jina langu. Halipo.

Epiphanie aliisoma mara mbili. Hakucheka. Akasema usiku ananigeuza kitandani kama gunia la makaa, na mgongo wake nao una mwisho. Nilihuzunika kweli, nakiri, kama dakika kumi. Kisha nikakumbuka kwamba tarehe 18 Gaspard atakuwa amelala chali.

Jumamosi, 18 Mei
Ushindi!

Wageni walichelewa kwa sababu wanajeshi hawakufungua barabara ya Kanyosha hadi saa nne. Ilibidi tumalize mapema, kila mtu arudi kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Wakaingia, msemaji wao mbele. Nikainuka kuwapokea. Nyonga ikakwama katikati! Si kusimama, si kuketi, kichwa usawa wa mtungi wa pombe.

Msemaji wao akadhani ni heshima. Naye akainama. Wajomba wote nyuma yake wakainama. Wa kwetu wakainama pia, wasije wakaonekana hawana adabu. Nikatoa hotuba nzima hivyo, jasho likinitoka, kila mtu akitazama sakafu. Ng'ombe wakakubaliwa bila ubishi. Nadhani migongo iliwauma.

Jumatatu, 20 Mei
Mtaa mzima unasifu unyenyekevu wangu. Birindwa, mfanyabiashara kutoka Bukavu, anaoza binti kwa watu wa hapa, na hana mtu wa kumsemea Kirundi. Ameniomba mimi. Tarehe 25!

Nimemtembelea Gaspard hospitalini. Anatembea koridoni kwa magongo na hana hata kilio kimoja. Nimemwambia amekonda.

Jumatano, 22 Mei
Mgonjwa mmoja wa orodha ameshikwa na homa, hawezi kupasuliwa. Daktari Candide amekuja mwenyewe nyumbani. Nafasi yake ni yangu, kesho saa moja asubuhi. "Muzee, mi nilijua ulikuwa unanidanganya. Kuja tu." Epiphanie alimshika mikono yote miwili, akalia. Akaenda kupanga nguo zangu kwenye mkoba.

Nimefikiri kwa utulivu. Nikipasuliwa kesho, Jumamosi Birindwa atasemewa na nani? Gaspard na magongo yake! Kwa hiyo nimemwandikia daktari barua nzuri, kwa kalamu ya wino. Nimekubali kupasuliwa, kwa shukrani nyingi. Tarehe inayonifaa ni Jumatatu, 27. Mbelgiji anaondoka Ijumaa, najua, lakini ndege kusogezwa siku chache ni jambo dogo, hasa akielezwa kwamba anayesubiriwa ni msemaji.

Nimemsomea Epiphanie. Ameketi juu ya kitanda, mkoba mapajani, anatoa nguo zangu moja moja. Nadhani hatimaye ameanza kuelewa siasa.