Ombi la Kusogezewa Kaskazini

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Ramani na Upimaji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAHUSU: KASKAZINI KUWEKWA PASIPOFAA

Natumaini u mzima na ofisi yako haijambo. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea malalamiko ya watu na kuyafungulia majalada, kwa hiyo lalamiko la kipuuzi nalijua nikiliona. Hili si mojawapo.

Nimejenga chumba cha kutazamia nyota juu ya paa la nyumba yangu. Katikati ipo nguzo ya zege, na juu ya nguzo hukaa kichwa cha chuma kinachoizungusha darubini. Kichwa hicho lazima kielekee kaskazini, la sivyo nyota humkimbia mtazamaji kabla hajakaza jicho. Sasa, boliti nilizozika kwenye zege nilizipanga kufuata ukuta, na ukuta umeikosa kaskazini kwa digrii tisa. Ikabidi lichongwe bamba la chuma la kuunganisha nguzo na kichwa, lenye matundu yaliyosogezwa digrii tisa kurekebisha kosa hilo. Mchoro niliuchora mwenyewe, kwa rula. Aliyelichonga ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa vyuma. Nimelifunga, nikaweka dira: darubini inatazama digrii kumi na nane kando ya kaskazini! Ndipo yanapoanzia malalamiko yangu.

1. Shemeji alichonga neno JUU pembezoni mwa bamba, kwa patasi, herufi nene kama za mtoto wa chekechea, bila kuniomba ruhusa. Mimi ni mtu wa unadhifu. Upande huo nimeulaza chini wageni wasiuone, na ule safi nimeupiga rangi mara mbili. Nalitaja jambo hili ili tu ujue nashughulika na fundi wa namna gani.

2. Nilipomwambia mbele ya familia nzima kwamba hajui kupima, hakubisha wala hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akasema, "Nimechonga ulichochora, shemeji. Ukitaka jingine, litatoka hilihili." Akakusanya spana zake, akaenda. Hii ni wiki ya tatu hakanyagi kwangu, na mke wangu ananipakulia chakula bila kuniuliza kama kinatosha.

3. Mke wangu anasema dawa ni moja tu: niende karakana kwa kaka yake, nimwombe radhi, kisha tulitazame bamba pamoja. Pendekezo hilo nimelitafakari kwa siku nne. Lina mapungufu. Katika utumishi wangu wote sijawahi kumwomba mtu radhi, hata mchwa walipomaliza jalada la pensheni ya mkuu wangu. Hivyo bamba halibadiliki. Nguzo haisogei, ni zege. Nyumba nayo nimeulizia, haisogei. Kilichobaki ni kaskazini, ambayo haijafungwa boliti hata moja.

4. Kaskazini yenyewe nimeichunguza kwenye ramani zenu. Ni barafu tupu. Hakuna mpangaji, hakuna shule, hakuna hata kibanda cha kuuzia vocha. Kuihamisha hakumkeri mtu. Naomba digrii kumi na nane tu, kuelekea tangi la maji la jirani. Kusini itafuata yenyewe. Mashariki msiiguse kwa sasa, maana mama wa nyumba ya pili huanika nguo kwa kufuata jua la asubuhi, na ulimi wake naujua.

5. Jambo hili ni la haraka. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Nilimwahidi kumwonyesha pete za sayari ya Zohali siku ile nilipokwenda kuposa, miaka thelathini na sita iliyopita, nikiwa sina darubini wala paa la kuiweka, naye akanipa binti. Tangu hapo hajanidai hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Macho yake sasa yanaingia ukungu. Sitaki aje aone nyota ikikimbia, na wanawe wawili hawapiti mlango mmoja kwa ajili yangu.

Kama ipo fomu ya maombi ya aina hii, nitaijaza kwa nakala tatu.

Nisalimie wapima ardhi wote, makarani wa masjala yako hasa, na mlinzi wa getini, kwani najua ndiye atakayeisoma barua hii kwanza.

Wako anayeingoja kaskazini,
Karani Mstaafu

Nyongeza, baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, mama mkwe akafika leo Ijumaa mchana, siku moja kabla. Alipanda juu mwenyewe. Kwa kuwa macho hayamsaidii sana, alilipapasa bamba, vidole vikapita chini ya ukingo wake, vikatulia. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona JUU iko chini?"

Nimeligeuza, na zile digrii tisa zilizokuwa zikiongeza kosa zikalifuta. Kaskazini iko palepale ilipokuwa. Tafadhali msiisogeze, na kama mmeshaanza, irudisheni taratibu. Badala yake naomba barua fupi yenye mhuri, kuthibitisha kwamba kaskazini ilihama kwa wiki tatu na sasa imerejea kazini, nimwonyeshe shemeji. Ila iwahi, maana mama mkwe ameshampigia simu mwanawe, na viatu vyake navisikia kwenye ngazi.

Naona haitawahi. Naweka kalamu chini, nikamwambie kwa mdomo.