Habari za Kuhesabiwa kwa Pumzi za Tamimu

Sogezeni mikeka, enyi watu wa Kibiti na watu wa delta, ninyi wa mashamba ya mpunga na ninyi wa visiwa vya mikoko! Mwenye redio na aipunguze sauti, mwenye chungu jikoni na akiepue, kwa maana leo hayasimuliwi mambo madogo. Zinasimuliwa habari za Daktari Nusaiba binti Mahamudu, mpima vifaa, mwandika miongozo, mwanamke asiyetetemeka mbele ya kamati, na jinsi alivyohesabu pumzi za mtoto mmoja kwa dakika nzima, akashinda.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa milango yote. Mitumba ilishuka bandarini kwa marobota, maduka ya dawa yakaota kando ya barabara kama uyoga, na mashine za kila umbo zikaingia nchini, kila moja ikiapa kwamba isiponunuliwa wagonjwa wataangamia. Kazi ya Nusaiba, huko Dar es Salaam, ilikuwa kuzisimamisha mashine hizo mbele yake na kuziuliza swali moja la kikatili: wewe unamfaa nani?

Mwaka huo, iliyotamba kuliko zote ilikuwa kisanduku cheupe chenye waya na taa nyekundu, kilichodai kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, ili ijulikane kama ni mafua tu au nimonia. Wakubwa walikitamani kwa ajili ya zahanati zote. Lakini Nusaiba alikuwa ameandika mwongozo wake: muuguzi atazame kifua cha mtoto, ahesabu kwa saa ya mkono dakika nzima; pumzi zikienda mbio, mtoto apewe dawa; zisipokwenda mbio, arudi nyumbani akanyweshwe maji ya uvuguvugu. Kamati ikamwambia: nenda ukatuthibitishie kwamba jambo hilo linafanyika, tena mahali wanapoishi watu. Naye alijua kwamba akishindwa, fungu la dawa za watoto litamezwa na visanduku.

Basi akashuka hadi zahanati moja ndogo upande wa Mtunda, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi likasimama kama deraya ya chuma ya askari vitani, kipimio cha kifua shingoni, saa mkononi. Nyuma yake alikuja Saadi, wakala wa mashine, kijana mtanashati, amekikumbatia kisanduku chake kama bwana harusi aliyebeba mahari. Mwanaidi, muuguzi wa zahanati, akawapokea na kuwaonyesha uwanja wa vita: benchi refu, foleni iliyofika barazani, na mwanzoni mwa foleni mama mmoja aitwaye Mwanawetu, na mapajani mwake mwanawe Tamimu, aliyeanza kutembea juzi juzi, mwenye kikohozi kifuani na koo lenye nguvu za honi ya lori.

Saadi ndiye aliyefungua mapambano. Akanena, "Enyi wazazi, zama za kubahatisha zimekwisha! Hiki hakichoki, hakisinzii, hakisahau." Akambandika Tamimu waya kifuani. Tamimu akautazama waya, akaitazama taa nyekundu, kisha akanguruma hata kunguru wakahama paa. Kisanduku kikalia pii-pii-pii kwa hofu na kutangaza idadi ya pumzi ambayo hata jogoo anayefukuzwa na mbwa hajapata kuifikia.

"Mashine haikosei," Saadi akasema, akijifuta jasho. "Labda kosa ni la mtoto."

"Kosa lake lipi, baba?" akauliza Mwanawetu. "Kulia?"

Nusaiba akatabasamu. Lakini tabasamu hilo halikudumu, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Mwongozo wake ulisema *mtoto awe ametulia*, maneno aliyoyaandika upesi chini ya feni, chai ikipoa pembeni, bila kujua kwamba ameandika amri ya kutuliza bahari. Alipopiga hatua moja tu, Tamimu akaanza upya. Akangoja. Tamimu akanyamaza kuvuta pumzi, Nusaiba akaikazia macho saa yake, akaanza kuhesabu, na mara hiyo hiyo mlango ukatiwa kivuli.

"Hodi wenyewe! Asalaam aleikum!"

Alikuwa Mzee Mfaume, mwenye goti bovu na salamu ndefu. Ni nani atakayeiacha salamu ya Mungu ianguke chini? Foleni nzima ikaitikia, Nusaiba naye akaitikia, akampa shikamoo, akaulizwa habari za Dar es Salaam, na hesabu ikapotea. Akaanza tena, lori la korosho likapita likitikisa madirisha. Akaanza tena, na safari hii Tamimu mwenyewe akamwona jinsi alivyomwinamia, akapiga yowe.

Hapo Mwanawetu akaanza kukusanya kanga zake. "Daktari, usinione mkosa adabu. Nakwenda duka la dawa Kibiti. Kule hawahesabu kitu. Unasema kikohozi, mtoto anachomwa sindano, basi."

Maneno hayo yalimchoma Nusaiba kuliko sindano yoyote. Akaona mwongozo wake ukifia pale pale kwenye benchi, na mtoto ambaye pengine ana mafua tu akipelekwa kuchomwa dawa asiyoihitaji, na kesho mwingine, na keshokutwa mwingine. Aliwahi kusimama mbele ya maprofesa asione haya, lakini sasa masikio yalimwaka moto.

"Dada yangu," akasema taratibu, "mimi nimemkosea nini mwanao?"

Mwanawetu akacheka bila kutaka. "Si wewe, daktari. Ni hilo koti. Alichomwa na mwenye koti kama hilo mwezi uliopita. Sasa hata muuza barafu akivaa jeupe, huyu hulia."

Basi tazameni, enyi mnaosikia, jambo ambalo majemadari wa kale hawakulithubutu! Katikati ya vita, mbele ya adui, Nusaiba akavua deraya yake. Akalitundika koti dirishani, akaweka kando kipimio, akaomba kanga moja ya Mwanawetu, akajitanda, akaketi chini mkekani. Kisha akaihutubia foleni.

"Enyi mliongoja tangu asubuhi! Siwaombi mikuki wala ngao. Nawaombeni dakika moja tu ya kimya, kwa ajili ya kifua cha huyu mdogo wenu."

Mzee Mfaume akainuka na fimbo yake. "Mwanangu, mlango ni wangu. Salamu zitakazokuja nitaziitikia huko huko nje, hazitavuka kizingiti." Saadi naye, bila kuambiwa, akazitoa betri katika kisanduku chake akazitia mfukoni.

Kimya kikashuka. Tamimu akaushika upindo wa kanga iliyokuwa ya mama yake na sasa iko kwa mgeni, akaugeuza huku na huku kama kadhi anayechunguza hati, na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka, kikipanda na kushuka, naye Nusaiba akizifuata pumzi hizo moja moja. Nzi akatua kwenye paji la uso wake, hakumfukuza. Mama mmoja barazani akakimeza kikohozi chake hata machozi yakamtoka. Mshale wa sekunde ukatambaa, ukatambaa, ukakamilisha mzunguko.

"Thelathini na sita," Nusaiba akanong'ona.

"Thelathini na sita," akasema Mwanaidi, aliyekuwa akihesabu kimoyomoyo upande wa pili.

"Hazijafika arobaini, haziendi mbio! Ni mafua!" Nusaiba akatangaza.

"Kwa hiyo sindano hakuna?" akauliza Mwanawetu.

"Hakuna, dada. Maji ya uvuguvugu, na umnyonyeshe. Ukiona anapumua kwa shida au anakataa kunyonya, mrudishe upesi, usingoje."

Vigelegele vikapasuka, Tamimu akashtuka akaanza kulia tena, na safari hii hakuna aliyemlaumu. Kamati nayo, ilipoletewa habari, ikaupitisha mwongozo, ukiwa umeongezwa mstari mmoja: *Ikishindikana, keti chini na uanze upya.*

Siku ile ile sifa zikasambaa. Zikapita Mahege, zikafika Ndundu wakati watu wakingoja kivuko, na kabla kivuko hakijagusa ng'ambo Tamimu alikuwa amekwisha kuwa jitu lenye ndevu, na daktari wa kike alikuwa amelisimamisha lori la korosho kwa jicho tu.

Naye Mwanawetu alikuwa njiani kwenda nyumbani, mwanawe amelala mgongoni, akitembea polepole kuliko kawaida yake. Jirani akamsalimu kutoka shambani. Mwanawetu akainua mkono tu, akaomba radhi kwa macho, kwa sababu midomo yake ilikuwa kazini: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja.