Chemni ya Babu Tokoldosh

Jumatatu, 2 Septemba
Kikao cha kijiji. Barabara mpya ya malishoni inatafutiwa jina. Nikasimama, nikampendekeza babu yangu, Tokoldosh. Kisha jirani yangu Asankojo, mwalimu mstaafu ambaye sauti ya darasani haijamtoka, akasema barabara haipewi jina la mtu aliyetorokea njia hiyo hiyo. Watu wakacheka! Hata mke wangu Zuura alijifuta mdomo kwa leso muda mrefu mno.

Kisa chenyewe ni hiki. Majira ya baridi ya 1934 babu aliondoka na farasi jike. Hakurudi. Kwenye daftari la kaya la shamba la ushirika kuna neno moja mbele ya jina lake: “Ametoroka.” Aliyeandika ni mwenyekiti wa enzi hizo, baba yake Asankojo. Ikasemwa babu alikimbilia Uchina ili farasi wake asiingizwe kwenye ushirika. Shangazi Kanym, bintiye, alikuwa na miaka minne. Leo ana themanini na tisa, na hanunui hata sahani iliyotoka Uchina.

Kikao kijacho ni baada ya wiki mbili. Nina mpango.

Jumatano, 4 Septemba
Nimeandika historia ya babu mwenyewe. Daftari zima! Farasi mia tatu. Kifo cha kishujaa, akipambana na mbwa mwitu kumi na mmoja. Nimezilowesha kurasa kwa chai ya rangi, nikazikausha kwenye tanuri la mkate. Zuura akauliza kwa nini napika daftari. Nikamwambia hayo ni mambo ya utafiti. Akasema utafiti wangu unaungua.

Alhamisi, 5 Septemba
Aibu! Nilimpelekea Asankojo daftari kabla ya mtu mwingine yeyote, nimwone akinywea. Nikamwambia nimelikuta ndani ya ukuta wa zizi. Akasoma kwa heshima zote. Akaligeuza. Nyuma kumechapwa namba ya simu ya kiwanda cha madaftari.

“Daktari wa kondoo,” akasema, “babu yako alikuwa akiwapigia simu hawa?”

Kweli nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, miaka thelathini na moja. Lakini namna alivyolitamka hilo neno kondoo!

Habari zilimfikia shangazi kabla sijafika nyumbani. Akaniita. Hakufoka. Aliuliza nimeandika baba yake alikufaje. Nikamwambia. Akauliza mbwa mwitu wangapi. Nikamwambia.

“Mama alimngoja pale mlangoni miaka minane,” akasema. “Mimi nimekua naitwa mtoto wa mtoro. Miaka yote hii najiuliza tulimkosea nini. Na wewe mtoto unaniletea mbwa mwitu.”

Nina miaka sitini na moja. Nilitoka nje nikasimama na kuku.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimevuka mlima kwa njia ile aliyopita babu mpaka mji wa wilaya ya pili, kwenye hifadhi ya nyaraka. Asankojo asidhani amenimaliza. Wazo nimelitoa kwenye kazi yangu: binadamu akipotea huandikiwa neno, farasi akifa huandikiwa ukurasa. Kwa hiyo sikumtafuta babu. Nilimtafuta farasi! Daftari la kaya linazo alama zake: wa hudhurungi, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe, chapa ya mwezi mwandamo.

Bibi wa hifadhi alinipa madaftari saba ya mifugo na kunikataza kula. Nikala chini ya meza. Akaniona. Akaninyang’anya mkate.

Daftari la tano. Aprili 1935. Nimenakili neno kwa neno:

“Farasi jike, hudhurungi, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe, chapa ya mwezi. Amepatikana theluji ilipoyeyuka chini ya poromoko, karibu na chemchemi ya mlimani. Kichwa kuelekea upande wa ng’ambo. Pamoja naye mwanamume, jina halijulikani, amezikwa hapo hapo. Kwenye mfuko wa tandiko: chumvi, kilo nne. Chemni ya taa, moja, imeviringishwa kwa kipande cha sufu, nzima. Vimekabidhiwa ofisini.”

Mwandishi alikuwa mjini. Upande wa ng’ambo, kwake, ni kwetu. Babu alikuwa anarudi nyumbani.

Bibi wa hifadhi akaniuliza kama naumwa. Akanirudishia mkate.

Jumanne, 10 Septemba
Nimemsomea shangazi. Nilikusudia kuanza na hotuba. Nilisoma tu.

Shangazi akasema chemni yao ilipasuka baridi ile. Taa ilitoa moshi mpaka wakaamka na pua nyeusi, na mama yake akamwambia baba yake hamna mtu anayeishi hivi.

Ghafla akapiga meza. “Vimekabidhiwa ofisini! Chemni yetu! Wamewashia taa yao!”

Akawalaani makarani wote wa mwaka 1935, mmoja mmoja, bila kuwajua majina. Alipochoka akaniambia nisome tena. Pale penye “nzima” akanisimamisha kwa mkono.

“Aliiviringisha vizuri,” akasema.

Nikasoma mara sita.

Jumatano, 11 Septemba
Siku ya kisasi. Nilipanga kumsomea Asankojo mbele ya duka, saa watu wanaponunua mkate. Niliwahi mno, watu walikuwa bado, na yeye alishafika. Akanipokonya karatasi, akasoma akiwa amesimama. Akavua miwani.

“Baba yangu aliandika alichokiona,” akasema. “Mtu kaenda, hajarudi.” Baadaye sana akaongeza, “Angeweza kuuliza.”

Nilikuwa na matusi manne tayari. Nimeyaweka akiba. Akauliza shangazi anaweza kukaa kwenye gari kwa muda wa saa tatu. Gari lake. Ambalo hajawahi kuniazima hata kubeba ndama mgonjwa!

Jumamosi, 14 Septemba
Chemchemini. Asankojo aliendesha kama anabeba mayai. Tatizo: marundo ya mawe ya kaburi yapo matatu, na daftari halisemi ni lipi. Nikatoa hoja kitaalamu kuhusu mteremko na maji. Hakuna aliyesikiliza. Shangazi alitembea na mkongojo wake, akasimama kwenye la katikati, akakaa chini.

Nikauliza amejuaje.

“Sijui,” akasema. “Nimechoka kutojua.”

Asankojo akasoma dua, kwa sababu mimi nililia na nikakosea maneno. Shangazi alimwaga chumvi kidogo juu ya mawe. Kisha akamwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nyumbani sasa kuna umeme.

Jumapili, 15 Septemba
Nimeamka mtu mpya. Ukweli unatosha. Nimemwambia Zuura hivyo wakati wa chai. Akasema tutaona.

Kesho kikao. Asankojo mwenyewe atalipendekeza jina la babu. Sina la kufanya. Inakera kidogo.

Jambo moja tu. Yale marundo mawili ya pembeni. Nimeuliza kijiji kizima, hayana wenyewe. Hayana jina, hayana tarehe, hakuna wa kubisha. Na ukoo wetu, nikihesabu vizuri, haujawahi kuwa na jenerali.

La kushoto ni refu. Alikuwa mtu mrefu.