Mafaili Mazito ya Mama Chapa

Injinia hakusomea uinjinia, wala hakuwahi kusema kwamba alisomea. Watu ndio waliomwita hivyo, naye hakuwa mtu wa kubishana na watu. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama nje ya ofisi ya ardhi, mikono mfukoni, akitafuta riziki kwa macho, alipoona boksi la kompyuta mpya likishushwa kwenye mkokoteni na kuingizwa dukani kwa Mama Chapa. Moyo wake ukachangamka. Aliyenunua kompyuta mpya lazima ana ya zamani, na katikati ya hizo mbili ana hofu. Injinia aliishi kwa hofu hiyo.

Mama Chapa alikuwa amewachapia watu nyaraka kwa miaka kumi na tisa: mikataba ya viwanja, wosia, barua za kuacha kazi na barua za kuomba kurudi kazini, mara nyingi za mtu yule yule. Zote zilikuwa ndani ya mashine ya zamani, ambayo siku hizi ikiwashwa ilimpa mwenyewe nafasi ya kunywa chai hadi kikombe cha pili. Nyaraka hizo zingepotea, duka lingebaki meza na kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tukuchapie nini?"

"Sichapi kitu. Nimeona boksi, nikaingiwa na huruma. Nani anakuhamishia mafaili?"

"Nilidhani ni kunakili tu."

Injinia akafumba macho kwa uchungu.

"Mama, mafaili ya miaka yote hiyo ni mazito. Ukiyatia moja kwa moja kwenye mashine changa, unaivunja mgongo. Lazima yapitie kompyuta ya kati, yapoe kidogo." Akatoa laptopu yake inayong'aa, ambayo ndiyo mali pekee aliyowahi kuinunua kwa njia ya kawaida.

"Na malipo?"

"Malipo baadaye, mama. Kwanza tuokoe maisha."

Akakaa mbele ya mashine ya zamani, flashi mkononi, akafanya kazi saa nzima huku akiguna. Mama Chapa alikuwa pembeni anachemsha chai. Mwishowe Injinia akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Yamegoma. Hii mpya haiwezi kuyameza. Itabidi niende nayo karakana siku tatu nikaipanue koo. Na laptopu naondoka nayo, maana mafaili yamo humo."

"Na hii yangu ya zamani?"

"Imebaki tupu, mama. Nimehamisha kila kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Kisichokuwa kweli ni karakana.

Mama Chapa akashika tama. "Basi sina la kufanya. Lakini mimi ni mtu wa karatasi, mwanangu. Tuandikiane."

Injinia alifurahi. Alizipenda sana karatasi, kwa sababu mteja mwenye karatasi hulala vizuri, na akilala vizuri huchelewa kwenda polisi. Mama Chapa akawasha ile mashine mpya, akachapa bila kuangalia mfano wowote, vidole vikikimbia vyenyewe. Printa ikatoa kurasa mbili. Injinia akatia sahihi karatasi ikiwa bado ya moto. Hakusoma, kwani kusoma aliwaachia wateja. Wakili wa ghorofani, ambaye kila siku saa hiyo hushuka kuchukua nyaraka zake, akasaini kuwa shahidi, akagonga muhuri, kisha akaenda kusimama mlangoni. Alikuwa mtu mnene na mlango ulikuwa mwembamba.

"Hebu tusomee kifungu cha pili," Mama Chapa akamwambia.

Wakili akasoma kwa sauti yake ya mahakamani. "'Kompyuta mpya maana yake ni kompyuta yoyote yenye mafaili ya mteja wakati wa kutia sahihi, nayo ni mali ya mteja na haitatoka dukani. Kompyuta ya zamani ni yoyote isiyo na mafaili hayo. Fundi atapewa moja, atakayochagua mteja, na hayo ndiyo malipo yake.'"

Injinia akaitazama laptopu yake. Ilikuwa imejaa mafaili ya mteja.

"Mama, hii ni yangu!"

"Ilikuwa."

"Lakini mimi nilikuwa nanakili tu!"

"Ungenakili, yangebaki na huku. Wewe ulikata. Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Mwanangu, Kiswahili hakina herufi X. Miaka kumi na tisa kitufe hicho sikigusi ila nikitaka kukata maandishi. Kimekauka, kinalia. Nimesimama pale na birika, nikasikia kimelia. Nikajua nakatwa."

Injinia akapima mlango kwa macho; wakili alikuwa ameujaza.

"Basi angalau nitoe vitu vyangu," akasema. Ndani ya laptopu mlikuwa na vyeti vyake kumi na kimoja vya ufundi, alivyovitengeneza kwa mikono yake, kila kimoja kikiwa na jina tofauti la kuvutia alilojipa. Safari hii hakuwa akiigiza. "Mama, kazi yangu yote imo humo."

"Najua," alisema Mama Chapa, na kweli alimwonea huruma. "Hapa hatupotezi mafaili ya mtu. Tutakuandikia barua ya maombi ya kurudishiwa. Kaa kwenye benchi, una watu wawili mbele yako."

Akakaa, mashine ya zamani, ndiyo malipo yake, imemlalia mapajani. Zamu yake ilipofika, Mama Chapa akaweka vidole kwenye kibodi.

"Jina kamili la mwombaji?"

"Injinia—"

"La kwenye kitambulisho. Na lilingane na la kwenye vyeti, ili wakili athibitishe kuwa ni vyako."

Injinia akavipitia vyeti vyote kumi na kimoja kichwani, kimoja baada ya kingine. Jina lake halikuwemo hata kwenye kimoja.