Ombi la Kutengewa Eneo la Hifadhi Ofisini

Kwa Afisa Elimu,
Idara ya Wanyamapori.

YAH: MADHARA YA SEMINA YA DUMA

Ndugu Afisa,

Natumaini hujambo, na duma wako hawajambo. Mimi ni karani wa ofisi ya maji, yule kijana aliyekaa nyuma karibu na mlango ulipokuja kutufundisha kuwalinda duma. Semina ilikuwa nzuri. Lalamiko langu ni kwamba wenzangu waliielewa.

Ulitueleza kuwa duma ana mbio kuliko mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu, ila hapendi ugomvi. Fisi akitokea, humwachia nyama aliyoihangaikia mwenyewe. Hapo ofisi nzima iligeuka kunitazama. Tangu siku ile naitwa Duma, na yamenipata yafuatayo:

1. Ulisema duma akishakamata swala huhema kwanza, hawezi kula papo hapo. Mimi nikishapandisha mafaili ghorofa ya tatu huhema vilevile. Mtunza stoo, tunayemwita Kamanda, hungoja nianze kuhema, kisha hufungua chakula changu. Zamani alikuwa akiomba. Siku hizi husema, "Pumua kwanza, Duma. Mwalimu alisema."

2. Ulisema duma hangurumi, hulia kama ndege. Nilipokwenda kumlalamikia mhasibu, ambaye ni mama mtu mzima na namheshimu, aliwaita wenzake waje kusikia mlio.

3. Ulisema duma huwinda mchana ili asikutane na wakubwa. Nikajaribu kula saa nne asubuhi. Kwa bahati mbaya Kamanda naye alihudhuria semina.

4. Kiti changu kimehamia stoo. Wiki ijayo meza yangu, iliyo dirishani, atapewa Kamanda ili apate hewa, nami nitahamia kwenye korido, kando ya ndoo za kupigia deki. Meneja anasema hajasikia malalamiko yoyote kutoka kwangu, na ni kweli.

Ndugu Afisa, ulimalizia kwa kusema kwamba duma wamebaki wachache, na kwamba hawataongezeka kwa kufundishwa kupigana, bali kwa kuachiwa nafasi yao. Nilipiga makofi peke yangu. Kwa msingi huo, naomba meza yangu itangazwe kuwa eneo la hifadhi, pamoja na dirisha lake na njia ya kwendea chooni, nisije nikazibiwa mapito. Liwekwe bango. Wageni waruhusiwe kunitazama kwa mbali, bila kunilisha wala kula changu. Askari mmoja wa wanyamapori anatosha, mradi awe zamu saa za chakula. Nami niko tayari kuvaa ile kola ya kufuatilia nyendo mnayowavisha duma shingoni.

Nisalimie wenzako wote, dereva aliyekuleta, na kila duma utakayemwona, hasa wenye watoto.

Nakuandikia kwa heshima na kwa haraka,

Karani, Meza ya Dirishani (kwa sasa)

N.B. Kamanda amekuja kusimama nyuma yangu na kuuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua ya kukushukuru. Amefurahi sana, na amesema ataipeleka posta yeye mwenyewe, kwa hiyo tafadhali isome kama ya kukushukuru. Meza nimemwachia leo leo, asihangaike kungoja wiki ijayo.