Pete ya Emérence

Alhamisi, 5 Julai 1956

Leo nimegundua dawa ya kukwepa ng'ombe! Papa Léopold anamtaka mmoja kabla ya kunipa binti yake Emérence. Mimi Anaclet, karani wa ghala la kahawa, nina tai moja na kalamu mbili. Ng'ombe sina hata mkia. Mpinzani wangu Gaston, dereva wa lori, anaye. Ametangaza atamleta Jumatatu. Mdomo kama honi!

Lakini Emile, mpishi wa wazungu huko mtaani kwao Muhumba, amenieleza desturi ya wazungu. Mwanaume anapiga goti moja. Anamvisha msichana pete, kidole cha nne, mkono wa kushoto. Msichana analia. Kwisha! Nimemuuliza mara tatu kuhusu ng'ombe. Amesema sebuleni hajaona hata mmoja.

Ijumaa, 6 Julai

Théodore, fundi wa baiskeli, amenikatia pete kutoka bomba la shaba. Inang'aa! Aliuliza kipimo cha kidole. Nitakijuaje? Kumshika msichana vidole kabla ya uchumba ni utovu wa adabu, na kaka zake wana ngumi. Nikamwambia aikate kubwa, mwanamke akiolewa vizuri hunenepa. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu Gaston ana lori.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya misa, uani kwa Papa Léopold. Suruali nyeupe, nimeipiga pasi mara mbili. Nikapiga goti. Krak! Juu ya mihogo ya mkewe, Maman Clémence, iliyoanikwa juani. Mama wa watu akapiga kelele. Nikanyoosha pete hivyo hivyo.

Emérence akaficha mikono mgongoni, akamtazama baba yake. Mjinga mimi! Kwetu msichana hapokei kitu cha mchumba. Mzee ndiye anayepokea. Papa Léopold akanyoosha kiganja: "Kitu yote ya binti yangu inapita kwanza mu mukono yangu." Akaichukua, akaigeuzageuza juani, akaivaa, eti aione vizuri. Kidole cha nne. Mkono wa kushoto.

Haijatoka.

Tumejaribu sabuni. Mafuta ya mawese. Kuvuta: mimi nimeshika pete, kaka wawili wamemshika mzee. Akasema, "Inakatala," lakini sikumwona na huzuni yoyote. Emérence alilia, kama Emile alivyosema. Alilia kwa kucheka.

Jumatatu, 9 Julai

Aibu! Mtaa wetu wote wa Kadutu unajua nimemchumbia Papa Léopold.

Gaston amefika na ng'ombe wake, mnene, mweusi. Nilichungulia nyuma ya ua. Nampenda Emérence, hilo si utani. Gaston akaiona pete. Akacheka mpaka akajishikiza kwenye pembe za ng'ombe. Akamuuliza mzee harusi yake na Anaclet ni lini, na nani atavaa veli ya bibi harusi.

Baba mkwe hachezewi! Papa Léopold akamwambia amrudishe ng'ombe alikomtoa. Emérence mwenyewe ndiye aliyewafungulia lango, ng'ombe na bwana wake.

Jumatano, 11 Julai

Nimeitwa! Papa Léopold amesema pete imepokelewa. Nikashukuru. Akasema pete ni salamu tu. Ng'ombe aletwe kabla ya Noeli. Nikiwa natoka, Emérence aliniambia nimtafute ng'ombe polepole, yeye atangoja, na Gaston hata alete kumi hamtaki. Nimefurahi hadi nimesahau kofia yangu kwao.

Tatizo ni Maman Clémence. Hasemi na mumewe. Pete yake ya kanisani ilipotea shambani miaka mingi iliyopita, hakuletewa nyingine, na sasa mzee anang'aa peke yake.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi! Maman Clémence akifurahi, atamlainisha mumewe, na ng'ombe atasahaulika. Théodore ana bomba lingine, pana zaidi. Nimeagiza bangili. Akauliza kipimo. Nimemwambia akate kubwa tu.

Jumapili nitaipeleka. Safari hii nimejifunza adabu: nitaiweka kwanza mkononi mwa Papa Léopold.