Taa Baridi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe katuita jikoni mimi na mwanyumba kabla duka lake la mikate halijafunguliwa. Mwanyumba ni mume wa dada wa mke wangu. Anakanda unga, anapamba keki, ananukia vanila hata akitoka kuoga, na anajisikia. Mimi nauza kaunta. Unga sijawahi kuukanda. Mikono yangu ni ya kupokea wateja.

Mama katangaza kwamba anafungua duka la pili kule sokoni, na mmoja wetu atalisimamia. Juu ya duka hilo kuna vyumba viwili vya kuishi. Vyumba viwili! Mimi na mke wangu tunaishi kwa Mama, chumba cha uani, ukuta mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya Mama ananiitikia "afya" kutoka upande wa pili. Mke wangu aliposikia habari za vyumba, alinitazama kama alivyokuwa akinitazama enzi za uchumba. Lazima nivipate. Nikivikosa sijui uso wangu nitauweka wapi.

Sharti la Mama: hadi Jumamosi kila mmoja aonyeshe jambo moja la kupunguza hasara. Mwanyumba kasema atatafakari. Atafakari! Mimi nimeshapata. Bili ya umeme ya mwezi uliopita ilimfanya Mama aketi ghafla bila kutazama kama kuna kiti. Hakikuwepo.

Jumanne, 10 Machi

Nimeongea na fundi umeme. Kasema balbu zetu za zamani ni majiko yanayojifanya taa: umeme mwingi unaishia kwenye joto, mwanga ni makombo tu. Za LED zinakula umeme kiduchu, haziunguzi mkono, na zinadumu miaka. Nikamwambia alete za kutosha duka zima. Akauliza nataka mwanga mweupe au wa manjano. Nikasema mweupe, tena mweupe kabisa, hapa hatufanyi mzaha. Alinitazama kidogo, akaandika kwenye daftari lake. Nadhani alivutiwa na msimamo wangu.

Tumefunga zote mchana huu. Za zamani nimempa jirani mfuga kuku, kwa roho safi, asije akatokea mtu wa kunirudisha nyuma.

Jumatano, 11 Machi

Duka linang'aa! Shida ndogo: mikate inaonekana kama imeruhusiwa kutoka hospitali leo asubuhi. Mteja wa kwanza aliubonyeza mkate, akauliza kama umeiva. Wa pili akamuuliza Mama kama amebadilisha unga. Wa tatu hakuuliza, akaondoka. Nikawaeleza waliobaki kuhusu matumizi ya umeme. Hakuna aliyenunua maelezo.

Kibaya zaidi ni keki za mwanyumba. Zamani krimu ilikuwa ikilegea chini ya taa za kabati la vioo, mchana unafika maua yote yamekuwa uji. Leo, kwa kuwa taa ZANGU hazitoi joto, maua yamesimama wima hadi jioni. Mama kamsifu nani? Mwanyumba! Eti siku hizi mkono wake umetulia. Naye kapokea sifa kichwa kakiinamisha, mnafiki mkubwa. Nilitaka kulia.

Fundi kaja kubadilisha taa za rafuni, kaweka za manjano. Mikate ikapata rangi, rangi ikaleta wanunuzi. Fundi kaondoka akipiga mluzi. Bora angenicheka.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemnasa! Nilikuwa nazunguka jikoni kutafuta balbu yoyote iliyonikwepa. Nikafungua lile kabati kubwa la mbao wanamoweka trei za unga uliokandwa. Humo ndani, chini kabisa, balbu ya zamani inawaka! Mlango umefungwa, hakuna mtu. Nani anasoma gazeti mle? Na kabati hilo ni la nani kila asubuhi? La mwanyumba!

Nimeifungua kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto kweli. Mahali pake nimeweka LED moja ya akiba. Sikuacha giza tupu, mimi ni mtu wa haki. Kama unga unaogopa giza, basi uwe na mwanga wake.

Balbu ninayo mfukoni. Simwambii mtu, hata mke wangu. Jumamosi nitamwumbua mwanyumba mchana kweupe. Nimekula chakula cha jioni kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo mezani kwa Mama.

Ijumaa, 13 Machi

Mikate haijaumuka! Imetoka bapa na migumu, mmoja umeanguka sakafuni ukalia kama kandambili. Na shule ya jirani ina mashindano kesho, imeagiza skonzi. Mama aliitegemea oda hiyo kuliko kitu chochote. Akalaumu hamira. Hamira mpya ikaletwa, unga ukakandwa upya, ukaingia kabatini, ukalala fofofo. Mama akamgeukia mwanyumba kwa macho makali. Mwanyumba akatokwa jasho la vanila. Nikaona ya nini kungoja Jumamosi.

Nikapanda juu ya kreti. Nikawaita wote. Nikatoa balbu mfukoni, nikaeleza jinsi mtu fulani, ambaye sitamtaja, nikamwonyesha kwa kidole, alivyoiacha ikiwaka bure ndani ya kabati lililofungwa, na jinsi mimi nilivyoliokoa duka.

Mke wangu akafumba macho. Mama akauliza taratibu, nimeitoa lini. Nikasema jana, kifua mbele. Akasema balbu hiyo aliiweka yeye mwenyewe tangu siku za mwanzo za duka, kwa sababu ndiyo inayoupa unga joto ukaumuka. Joto! Balbu ikaniponyoka ikapasuka miguuni pake.

Nikakimbia madukani. Hawauzi tena za zamani, siku hizi ni LED tupu. Nilifurahi kidogo kuwa nimekwenda na wakati, kisha nikakumbuka kilichonileta. Nikakimbia kwa mfuga kuku. Balbu zangu zote zinaning'inia juu ya vifaranga, navyo vimejilaza chini yake kwa raha zao. Akasema kilichotolewa kwa roho safi hakirudi. Nikapiga magoti kwenye maranda. Kifaranga kikapanda juu ya kiatu changu kikakaa. Mwishowe kanipa moja, kwa sharti niwaombe radhi walioachwa gizani, mmoja mmoja. Nimeomba. Walikuwa wengi.

Jioni unga umeumuka. Mwanyumba alisimamia skonzi, mimi nilisimamia ukuta.

Jumamosi, 14 Machi

Shule imepata skonzi zake. Mama katuita. Mwanyumba bado anatafakari. Kasema taa mpya zibaki: mita inajivuta, krimu hailegei, na yeye mwenyewe hatoki tena jasho akikaa kaunta. Nikavimba. Kisha kasema shida si taa, shida ni mimi. Nabadilisha kitu kabla ya kuuliza kipo kwa ajili gani. Mwanyumba katikisa kichwa kwa huzuni ya uongo.

Hapo mke wangu kasimama. Kamwambia mama yake kwamba wazo la taa lilikuwa langu peke yangu, na kwamba nina akili nzuri nikiangaliwa. Sijui kama ilikuwa sifa, lakini nimeipokea. Mama akalainika. Kesho duka halifunguliwi, wote wanakwenda kumjulia hali shangazi. Nitabaki na funguo. Jumatatu akikuta kila kitu kama alivyokiacha, vyumba ni vyetu. Nisiguse kitu, kasema. Akarudia. Mke wangu naye akarudia, kanishika mkono.

Jumapili, 15 Machi

Nimekaa dukani tangu asubuhi, mikono nimeikalia. Kabati sijalisogelea. Nimejifunza: mtu huuliza kwanza kitu kipo kwa ajili gani, ndipo akiguse. Nashangaa mwenyewe nilivyokomaa.

Mchana nikasikia mngurumo. Friji kubwa la kule nyuma! Duka limefungwa, hakuna mteja, hakuna wa kulifungua, nalo linanguruma tu, umeme unateketea. Sikukurupuka. Nikauliza, kama Mama alivyotaka. Nikaliuliza kwa sauti, leo lipo kwa ajili gani. Nikangoja. Halikuwa na jibu. Nikafungua nikatazama: krimu ya mwanyumba ya wiki nzima, siagi, maziwa, mayai. Vyote vimetulia. Hakuna anayevihitaji hadi kesho.

Nimechomoa plagi. Mlango nimeuacha wazi, lipate hewa. Joto la leo ni kali, hata friji linahitaji kupumzika.

Kesho Mama atanikuta mlangoni. Sasa niko chumbani, nafunga mizigo yetu ya kuhamia.